Siku Tatu Langoni kwa Mzee Bernardo

Nianze kwa kukiri, maana mkishasikia mtanicheka tu, na nimeona bora nijicheke mimi wa kwanza: yule mwanamume mliyesikia habari zake, aliyekwenda kuposa Kumsenga akaziba lango la wenyewe kwa gari siku tatu, ni mimi. Wengine wanasema zilikuwa siku tano, wengine wanasema nilikuwa nimelewa. Waongo. Zilikuwa tatu, na nilikuwa mzima kabisa, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ningekuwa nimelewa ningekuwa na la kusingizia.

Ilikuwa miaka ya tisini katikati, biashara ya maharage imechangamka. Makambi ya wakimbizi yalikuwa yamefunguliwa Kibondo na Kasulu, malori yanapishana barabarani vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na mtu kama mimi, niliyekuwa nanunua maharage Kitanga kwa baiskeli, debe mbili debe tatu, nikajikuta nina kibanda Kasulu mjini, nina mizani yangu mwenyewe, na baadaye nina pikapu. Siyo mpya, jamani, mtumba, nyeupe, ina maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo sikuyafuta kwa sababu niliona yananiongezea heshima. Aliyeniuzia ni Bwana Shabani, mwenye duka la vipuri, mtu wa asili ya Tanga, mpole na mwaminifu (hilo la uaminifu mlishike, maana katika mkasa huu wote yeye hana kosa hata moja).

Bwana Shabani aliniambia gari lina waranti ya miezi mitatu, kikiharibika kitu fundi wake anatengeneza bure. Halafu akasema nikiongeza kidogo, ananiandikia waranti ya mwaka mzima. Hicho kidogo chenyewe kilikuwa bei ya magunia manne ya maharage, kwa hiyo sikulala vizuri siku mbili. Nilimuuliza dereva mmoja wa lori, akacheka, akaniambia hela hiyo ninunue spana nijifunze kuzitumia. Nilimuuliza baba mdogo Zakaria, mdogo wake marehemu baba, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, naye akaomba kwanza aione hiyo karatasi. Akaivaa miwani, akaigeuza mbele nyuma, akaona muhuri wa bluu pale chini. "Hii ina muhuri," akasema, "nunua." Nikanunua.

Sasa sikilizeni masharti, kwa sababu maangamizi yangu yote yalikuwa yameandikwa mle na mimi nikatia sahihi huku natabasamu. La kwanza, boneti isifunguliwe na mtu yeyote isipokuwa fundi wa Bwana Shabani, anayeitwa Hamadi. La pili, gari likiharibika lisisogezwe wala kuvutwa mpaka fundi Hamadi alione palepale lilipoharibikia. La tatu, mwenye gari asiliache peke yake, watu wasije wakachomoa vitu. Na ili kuhakikisha, fundi Hamadi alipitisha waya pale boneti inapojifungia, akaubana kwa kirisasi kidogo chenye alama. Lakiri. (Mtaniuliza maji na oili nilikuwa naangaliaje. Kila Alhamisi nilikwenda kwa Hamadi, anakata lakiri, anaangalia, anaongeza, anafunga nyingine. Watu wa jirani walidhani gari langu lina ugonjwa wa kudumu.)

Mtu mwingine pengine angeiona ile lakiri ni mchezo. Lakini mimi ni mtu wa mizani. Mizani yangu ya maharage ina lakiri kama ileile, wanaifunga watu wa vipimo, na ninyi mnajua ukikutwa imekatika hakuna wa kukusikiliza, hata kama ni panya aliyekata, wewe umeshakuwa mwizi wa kilo mbele ya soko zima. Miaka yote nilikuwa naipita mizani yangu kwa upande ili shati lisiikwaruze ile risasi. Kwa hiyo nilipoona kirisasi kwenye boneti, mwili wenyewe ulishika adabu.

Sasa Skolastika. Nilikuwa nimempata sokoni Kibondo, anauza maharage ya kwao, na nilimpenda siku aliponitazama ninavyopima akaniambia, kwa sauti ya kila mtu kusikia, niondoe kidole kwenye sahani ya mizani. (Kidole kilikuwa kimejisahau.) Wazazi wake walikuwa Warundi waliovuka mpaka zamani, miaka mingi kabla ya makambi haya, wakapewa shamba Kumsenga, wakapanda ua wa minyaa kuzunguka mji wao, wakazaa hapo. Baba yake, Mzee Bernardo, nilichojua juu yake ni kwamba analima maharage, hanywi, na akisema neno halirudii. Skolastika alishaniambia kwao hakuna mjadala: baba akikubali amekubali, akikataa nitafute mwingine. Mimi sikutaka mwingine.

Basi Jumamosi moja, waranti yangu ikiwa mwezi wa nne, leseni yangu ya udereva nayo mwezi wa nne, tukaondoka Kasulu alfajiri, mimi na baba mdogo Zakaria kama mshenga, tumevaa makoti. Tulifika Kumsenga mchana. Ningeweza kuliacha gari barabarani kama mtu mwenye akili, lakini nilitaka walione, kwa hiyo nikaliingiza mpaka ndani ya ua kupitia lango jembamba, minyaa inakwaruza pande zote mbili. Tukapokewa vizuri mno, makofi ya salamu yakapigwa, mwakeye mwakeye nyingi, tukakalishwa, baba mdogo akasema aliyotumwa kusema na mengine ambayo hakutumwa (pamoja na habari za muhuri), na Mzee Bernardo akasikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, atajibu siku hiyohiyo baada ya kutusindikiza, kule barabarani, ndivyo anavyopenda. Nikamwona Skolastika dirishani anajizuia kucheka, nikajua mambo yamenyooka.

Tukaaga. Ukoo wote ukasimama kutusindikiza, nikaingia garini, nikaanza kurudi nyuma kwa madaha, mkono mmoja dirishani, na nilipofika katikati kabisa ya lango, tairi la nyuma likaruka mzizi, gari likashtuka, likazima. Nikapiga stata. Kimya. Nikajaribu taa, hamna. Honi, hamna. Mbele yangu ukoo mzima ndani ya ua, nyuma yangu njia, pande zote mbili minyaa, na pikapu imekaa langoni sawasawa, mkia umebanwa na minyaa, milango ya mbele bado iko ndani ya ua, imeziba kote, hata kuku alipita kwa kuinama.

Mzee Bernardo akaja taratibu mpaka dirishani kwangu, akaniomba nipige tena. Nikapiga, ikatoka ile milio ya tik, tik, basi. Akainamisha kichwa kidogo kusikiliza.

"Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, "fungua hapo mbele nitazame."

Hapa ndipo ninapotamani muda ungerudi. Nilimtazama mzee wa watu, na kaptura yake ya shamba aliyoficha chini ya koti, na kandambili zake, nikatabasamu tabasamu la mtu wa mjini, nikamjibu, "Mzee, nashukuru, lakini hili siyo la kufunguliwa na mtu yeyote tu. Lina waranti. Lina fundi wake maalumu." Na ili nisionekane mkatili nikaitoa karatasi nikamsomea masharti yote matatu kwa sauti, na baba mdogo Zakaria kutoka upande wa pili akawa ananikumbusha nisisahau muhuri.

Watu wakatazamana. Kijana mmoja, kaka yake Skolastika, akafungua mdomo aseme kitu, mzee akainua mkono kidogo tu, kijana akaufunga. "Ego," mzee akasema, ndiyo hiyo ya kwao, akarudi kwenye kigoda chake. Mimi nikadhani amenielewa.

Tukaandika barua kwa fundi Hamadi, ikapelekwa barabarani, ikapewa dereva wa lori la maharage linalokwenda Kasulu. Baba mdogo Zakaria akapata baiskeli ya kumfikisha Kibondo, kwa sababu yeye, alisema, hakutia sahihi mahali popote. Nikabaki mimi, posa yangu isiyo na jibu, na sharti la tatu.

Kwetu, na kwao vilevile, mtu aliyekuja kuposa hula matonge mawili matatu, anasema ameshiba, anaondoka kabla hawajamchoka. Mimi nililala kwao. Nililala ndani ya pikapu, magoti kifuani, kwa baridi ya Kibondo mnayoijua, na mama yake Skolastika, maskini, kwa kuwa siruhusiwi kuliacha gari na yeye hawezi kumwacha mgeni na njaa, akawa ananiletea chakula dirishani. Ugali wa muhogo, maharage, dagaa wenye mawese. Siku ya kwanza nilikula matonge matatu nikasema nimeshiba. Siku ya pili nilikula nikamaliza. Siku ya tatu, Mungu anisamehe, nilirudisha sahani nikaomba nyongeza kwa mama wa mchumba wangu kupitia dirisha la gari.

Na lango ndilo lile. Jioni ya Jumamosi mbuzi walirudi kutoka malishoni wakakuta mlango hakuna, wakasimama wananitazama. Mzee Bernardo akachukua panga, akakata ua wake mwenyewe, ule alioupanda mwaka aliofika, akafungua upenyo wa mbuzi kupita. Nilimwambia pole. Akasema minyaa huota. Nikaona nimsomee tena lile sharti la pili ili ajue siyo roho mbaya yangu, na nikamsomea, na siku zilizofuata nikamsomea mara mbili nyingine.

Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Jumuiya ya kanisa ilikuwa na zamu ya kusali kwa Mzee Bernardo, watu wamevaa vizuri, na upenyo wa mbuzi ulikuwa na utomvu wa minyaa, ambao ukikuingia machoni hutasali tena, utalia. Kwa hiyo wakapita juu ya gari. Wanapanda nyuma ya pikapu, wanavuka bodi, wanakanyaga juu ya kichwa cha gari ambamo mimi nimekaa, wanateremkia kwenye boneti, na kila mmoja akifika pale ninatoa kichwa dirishani na kumwambia, "Samahani, usiguse hiyo risasi." Katekista alichana suruali. Mama mmoja wa kwaya, mnene, alihitaji wanaume wawili wa kumsukuma na wawili wa kumpokea, na alipokuwa juu ya kichwa changu bati lilibonyea mpaka likanigusa nywele. Watoto walishanipa jina mchana huohuo: Bwana Usiguse. Waliimba sala zao mle ndani, nami nikajibu amina kutoka langoni.

Alasiri Skolastika akaja akasimama kwenye dirisha langu. Hakuwa anacheka tena. "Fungua hiyo boneti," akaniambia. Nikamweleza habari ya lakiri, nikamkumbusha mizani, nikamwambia yeye mtu wa maharage anapaswa kunielewa kuliko wote. Akanisikiliza akiwa ameshika kiuno. "Na mimi siku nikinuna," akasema, "utakaa hivyohivyo mlangoni unamsubiri fundi kutoka Kasulu?" Akaondoka. Nilitaka kumfuata nimbembeleze, nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja, nikakumbuka sharti la tatu, nikaurudisha. Nawaambia ukweli, niliurudisha ule mguu.

Jumatatu alasiri fundi Hamadi akafika, ametupwa barabarani na lori, mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu, ana boksi la vifaa begani. Nilishuka nikamkumbatia. Kufikia hapo nusu ya kijiji ilikuwa imeshakusanyika, wengine wamebeba na viti. Hamadi akafanya kazi yake kwa utaratibu: akaomba karatasi, akaisoma, akainama akaangalia lakiri na alama yake, akazunguka gari kuona halijasogezwa, kisha akasimama wima akatangaza mbele ya umma kwamba miaka yote ya ufundi wake hajapata mteja mwaminifu kama mimi. Nilivimba. Nikamtafuta Mzee Bernardo kwa macho ili nione kama amesikia.

Hamadi akakata waya kwa plaizi, akafungua boneti, akachungulia, akaingiza mkono, akabana kitu kwa vidole viwili na kukizungusha kidogo.

"Washa," akasema.

Likawaka. Boksi la vifaa halikufunguliwa. Lilikaa pale chini na kufuli lake, na watu wote wakaliangalia lile boksi, halafu wakaniangalia mimi.

Mzee Bernardo akauliza kutoka kwenye kigoda, kwa upole, "Waya wa betri?"

"Waya wa betri, mzee," Hamadi akajibu, halafu akageuka kumtazama vizuri. "Umejuaje?"

"Ilivyolia stata. Na taa."

Hamadi akaiacha boneti wazi, akamwendea, akapiga makofi ya heshima kama mtu wa hukuhuku, akamuuliza mzee amefanya ufundi wapi. Mzee akamwambia. Miaka kumi na tisa, dereva na fundi wa malori ya misheni, upande wa pili wa mpaka. Injini alikuwa akizishusha na kuzipandisha peke yake chini ya mti, kwa mnyororo. Siku waliyokimbia aliliacha lori la mwisho likiwa limefunguliwa nusu, na tangu avuke hajashika tena injini, kwa sababu huku hakuna aliyemjua kama fundi, walimjua kama mkimbizi, baadaye wakamjua kama mkulima. Hamadi akavuta jiwe akakaa, akaanza kumuuliza juu ya gia boksi fulani iliyokuwa imemshinda Kasulu mwezi mzima, na mzee akawa anamchorea chini kwa kijiti. Mimi nilibaki nimesimama, gari langu linanguruma, waranti mkononi.

Walipomaliza, mzee akaniita. Nilikwenda, na safari hii gari nililiacha peke yake.

"Umelala kwangu siku tatu," akasema. "Umekula kwangu. Ile karatasi umenisomea mara nne. Hukuniuliza hata mara moja mimi nilikuwa nani kabla ya kulima maharage."

Nilipiga magoti, nikasema naomba msamaha.

"Binti yangu nitampa mtu anayeuliza," akasema. "Nenda. Ukitaka kurudi, njoo kwa miguu. Ukija na gari utaongea habari za gari."

Njiani kwenda Kasulu Hamadi alilala. Mimi nililia kidogo, nikisingizia vumbi, ingawa hapakuwa na wa kumdanganya. Sikuwa nalilia gari. Nilikuwa namlilia Skolastika, ambaye wakati tunaondoka hakutoka nje.

Wiki tatu baadaye niliacha pikapu Kibondo mjini, kwenye ua wa rafiki yangu, nikaanza kutembea. Viatu nilivyovaa vilikuwa vya posa, siyo vya safari, kwa hiyo nusu ya njia nilivibeba. Nilifika kwa Mzee Bernardo nyayo zimevimba, watoto wananifuata wanaimba Usiguse. Nikakaa chini, nikapewa maji, nikamuuliza lori lake la kwanza lilikuwa la aina gani. Aliongea mpaka jua likazama. Aliniambia mteremko uliomkatikia breki, na jinsi alivyoziba tanki kwa sabuni ya kufulia, na jina la mwenzake aliyebaki kule. Mahali fulani katikati, bila kubadilisha sauti, alisema, "Skolastika amekubali, nami nimekubali," halafu akaendelea na habari ya tanki.

Safari iliyofuata nilimwomba ruhusa nije na gari, akakubali. Nililisimamisha barabarani. Nikamwendea na plaizi mpya nimeishika kwa mikono miwili, nikampa. Akaiangalia, akaangalia boneti.

"Imebaki miezi saba," akasema. (Nilimsomea mara nne, aliihifadhi yote.)

"Imeisha leo, baba."

Akakata waya, akaokota ile risasi akanirudishia mkononi kama chenji, akainua boneti, akavua koti lake akamkabidhi Skolastika. Chakula kilipoa. Mama alituma watu mara tatu kumwita, na mara zote tatu ilirudi sauti tu kutoka mle ndani ikisema anakuja. Alipotoka shati jeupe lilikuwa na oili mpaka kwenye kola, macho mekundu, na alikuwa amehesabu mambo kumi na moja ambayo Hamadi hakuyaona.

Waranti sijanunua tena maishani, hata ya redio. Na nikiingia nyumbani kwa mtu, hata kama nimekwenda kununua debe moja la maharage, najizuia kwanza kusema habari zangu, namuuliza mwenye nyumba kabla ya hapa alikuwa anafanya kazi gani. Wengine hushtuka. Wengine huvuta kiti.